Mwalimu Winfrida na Maji ya Namatunu

Mwalimu Winfrida alistaafu mwezi wa Desemba, na mwezi wa Machi pikipiki ikamwangusha.

Alikuwa amefundisha hesabu na maarifa ya jamii kwa miaka thelathini na minne, sehemu kubwa katika shule za msingi za Masasi mjini. Alikuwa mzaliwa wa Mkunya, kule Newala, mwanamke mrefu, mwembamba, mjane mwenye mtoto mmoja, Ladislaus, aliyekuwa akifanya kazi Dodoma. Kitu ambacho kila mtu alikikumbuka kwake ni mwendo. Alitembea haraka mno. Wanafunzi wake wa zamani, ambao baadhi yao sasa wana wajukuu, wanasema walikuwa wakisikia viatu vyake barazani wanafunga midomo kabla hajafika mlangoni.

Siku ile ya Machi alikuwa anatoka Lisekese kuangalia mikorosho yake. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kwenye kona bodaboda aliyopanda iliteleza, ikamlalia mguu wa kulia. Dereva aliinuka na mchubuko wa kiwiko. Mwalimu hakuinuka. Mfupa ulikuwa umevunjika chini kidogo ya goti.

Alikaa na plasta wiki kumi na mbili. Ilipokatwa, alitazama kilichokuwa ndani yake akadhani amepewa mguu wa mtu mwingine. Ulikuwa umekonda, ngozi imechubuka, na goti lilikataa kukunjika. Kijana wa mazoezi ya viungo hospitalini, Abdulazizi, alimwinua mguu taratibu, akausukuma, na Mwalimu akauma kanga yake asipige kelele mbele ya wagonjwa wengine.

Ikawa hivyo mara mbili kwa wiki, Juni nzima. Goti lilikuwa linasogea kidogo, halafu linavimba, halafu linarudi lilipokuwa. Siku moja Abdulazizi aliketi kando yake, akamwambia kwa upole, "Mama, hapa ardhini uzito wote unashukia kwenye goti. Ndiyo maana linavimba. Ungepata maji ya kukufika kifuani, maji yangekubeba. Ungefanya mara tatu ya haya tunayofanya, na usingelia."

"Sijalia," alisema Mwalimu.

"Samahani, mama."

"Bwawa la kuogelea liko wapi hapa Masasi?"

Abdulazizi alikuna kidevu. "Ninaloweza kulitaja kwa uhakika liko Mtwara, hotelini."

"Mtwara ni karibu kilomita mia mbili. Na mito?"

"Mito ya huku siijui, mama. Mimi ni mtu wa Tanga."

Mwalimu alichukua magongo yake mawili, akatoka. Njiani alikuwa anawaza jambo moja tu. Hajawahi kuingia kwenye maji yanayozidi ndoo. Kule Mkunya alikokulia, juu kabisa ya uwanda wa Wamakonde, maji yalikuwa kitu cha kuchota mbali, kubeba kichwani na kubana matumizi. Mtoto aliyechezea maji alichapwa. Kuogelea ilikuwa habari ya watu wa pwani.

Jirani yake, Bi Somoe, hakuwa mtu wa pwani, lakini alikuwa anajua kuogelea. Alizaliwa Nanganga, kando ya mto Lukuledi, katikati ya kaka watano. "Nilijua kuogelea kabla sijajua kusuka ukili," alikuwa akisema. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne, mwanamke mnene, mcheshi, mfanyabiashara wa chumvi na dagaa. Alikuwa na kirikuu nyeupe, ile gari ndogo ya mizigo, aliyoiendesha mwenyewe kutoka gulio moja hadi jingine. Mwalimu alipomweleza maneno ya Abdulazizi, Somoe aliweka chini ungo aliokuwa anapepetea mchele.

"Kwa hiyo Mwalimu unatafuta maji ya kuogelea."

"Natafuta."

"Masasi hii, mwezi wa saba."

"Ndiyo mwezi uliopo."

Somoe alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akasema, "Jumamosi napeleka chumvi Nanganga. Vaa suruali."

Mwalimu alinunua daftari la kurasa arobaini na nane. Ukurasa wa kwanza alichora Masasi katikati, barabara zikitoka kila upande, na akaamua kwamba hatakwenda mahali pasipofikika na kurudika kwa siku moja. Kila mahali watakapofika atapaandika, na atapasahihisha kwa kalamu nyekundu kama alivyozoea, vema au kosa.

Nanganga ilipata kosa. Mto wa utotoni mwa Somoe ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, na katikati yake dimbwi moja refu kama mashua, ng'ombe wamelizunguka. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Somoe alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akasema kwa huzuni, "Masika ungeona." Mwalimu akamjibu kwamba masika goti lake litakuwa limeshakuwa mti.

Wiki mbili baadaye walikwenda bwawa moja la kijiji, upande wa barabara ya Tunduru. Hilo lilipendeza macho. Maji yalikuwa mengi, yametulia, maua ya yungiyungi yanaelea pembeni. Mwalimu alikwisha kuvua viatu pale mama mmoja aliyekuwa anafua nguo alipowapigia kelele. "Msiingie! Hapa watoto wote wanakojoa damu!" Aliwaonyesha konokono wadogo walioshikamana na majani chini ya maji. Kichocho. Mwalimu alirudisha viatu miguuni haraka kuliko alivyovitoa, na jioni ile akaandika kwenye daftari kanuni yake ya kwanza: *Maji yaliyosimama, usiyaamini. Kwanza uliza wanaoyatumia.*

Ruvuma walikwenda mwezi wa nane. Waliteremka kutoka Newala kwa njia ya kona nyingi, breki za kirikuu zikinuka, mpaka kwenye bonde la joto ambako mto ulikuwa mpana, mzuri, unatiririka. Wanawake wa pale walikuwa wanachota maji ndani ya uzio wa miti iliyochomekwa mtoni, kwa sababu ya mamba. Walimkaribisha Mwalimu ndani ya uzio wao. Alisimama humo, maji yakimfika magotini, akitazama ng'ambo ya mto, na kila kijiti kilichoelea alikiona kina macho. Alikaa dakika nne. Kosa.

Baada ya hapo ndipo wakaenda kwenye shimo.

Lilikuwa shimo la zamani la kokoto nyuma ya mojawapo ya vile vilima vya mawe vya Masasi. Watu waliochimba walikwisha kuondoka miaka mingi, na mvua zilikuwa zimelijaza. Maji yalikuwa ya kijani, baridi, hayana majani wala konokono, na upande mmoja kulikuwa na ngazi pana ya jiwe ambapo mtu angeweza kusimama maji yakiwa kiunoni. Somoe alikuwa ametayarisha maboya: madumu mawili matupu ya mafuta ya kula, ya lita tano tano, vifuniko vimekazwa, yamefungwa kwa kanga iliyopita chini ya makwapa ya Mwalimu.

"Usiende mbele ya hapa," Somoe alisema. "Nakuja. Ngoja nifunge gari."

Mwalimu aliachia magongo, akashuka taratibu. Maji yalipanda kiunoni, yakapanda tumboni. Aliinua mguu wa kulia kidogo, na mguu ukainuka. Haukumuuma. Aliukunja, ukakunjika. Akashangaa. Akaukunja tena, zaidi, na kwa ile furaha akapiga hatua moja mbele.

Chini ya hatua ile hapakuwa na kitu.

Fundo la kanga lilifunguka. Madumu yaliruka juu ya maji kama bata, na Mwalimu akaenda chini. Somoe alisikia kishindo, akageuka, akaona madumu peke yake. Hakuvua kitu. Aliruka na baibui lake, akapiga mbizi, akashika kwanza nywele, halafu fulana, akamsukuma Mwalimu mpaka kwenye ile ngazi ya jiwe. Mwalimu akatapika maji, akakohoa, akavuta pumzi iliyosikika mpaka juu.

Ila kutoka hakuweza. Kuingia alikuwa ameteleza tu kwenye jiwe laini, na kupanda kulihitaji goti. Somoe alijaribu kumsukuma, akashindwa. Mwishowe akapanda peke yake, amelowa chapachapa, akageuza kirikuu kinyumenyume mpaka karibu na ukingo, akatupa kamba ya kufungia magunia. Mwalimu akaipitisha chini ya makwapa, safari hii akaifunga fundo mwenyewe. Gari likamvuta taratibu, tumbo likisugua jiwe, mpaka juu.

Walikaa chini kando ya gurudumu. Somoe alikamua baibui lake. "Nisamehe, Mwalimu. Nisamehe. Ningewaambia nini watu?"

Mwalimu alikuwa anautazama mguu wake.

"Somoe," alisema, "goti lilikunjika."

"Unasemaje?"

"Kabla sijazama. Nililikunja mara mbili. Halikuuma hata kidogo."

Somoe alimtazama kama mtu anayemtazama kichaa, halafu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mwalimu naye akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Habari ile ilifika Dodoma kabla nguo zao hazijakauka. Ladislaus alipiga simu usiku uleule. "Mama, una miaka sitini na moja."

"Sitini."

"Mama, tafadhali. Njoo ukae na sisi. Hapa kuna hospitali kubwa."

"Dodoma kuna mto?"

"Mto wa nini, mama?"

"Basi, mwanangu. Wasalimie watoto."

Kwa majuma matatu hawakwenda popote. Mwalimu alikaa barazani na daftari lake, akisoma makosa manne mekundu, na hapo ndipo akaanza kufikiri kama mwalimu. Alijiuliza ni maji gani yanatiririka mwaka mzima katika nchi hii ambayo mito yake hukauka. Alikuwa ameyafundisha mwenyewe darasani, mwaka baada ya mwaka, kwa mchoro wa chaki. Mvua inayonyesha juu ya uwanda wa Wamakonde haikai juu. Mchanga unaimeza. Inashuka, inashuka, na kutokea chini, kwenye miguu ya mteremko, ikiwa chemchemi. Walikuwa wametafuta mito na mabwawa. Walipaswa kutafuta chemchemi.

Na mtu anayejua chemchemi ni fundi wa bomba.

Somoe alimpata huyo fundi dukani, Masasi, akinunua viungo vya mabomba. Jina lake Alfani, mtu wa kijiji cha Namatunu, chini ya mteremko upande wa Newala. Alisikiliza swali lote la Somoe bila kucheka, jambo ambalo Somoe alilipenda. "Pale kwetu kuna chemchemi," alisema. "Tumeijengea tangi. Tangi likijaa maji yanafurika, yanaanguka kwenye beseni la mawe, halafu yanaendelea kwenda kupotea mchangani. Beseni lenyewe refu, hatua kumi na saba nimewahi kupima. Lakini hakuna anayeingia. Mwenyekiti wa kamati ya maji hataki."

"Mwenyekiti ni nani?"

"Bi Dominika," alisema Alfani, na akatazama pembeni kidogo, kama vile Bi Dominika angeweza kumsikia kutoka huko.

Kutoka Masasi ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu, lami kwanza, kisha njia ya vumbi katikati ya mikorosho. Ilikuwa Oktoba, watu wakiokota korosho, harufu ya mabibo yaliyoiva imejaa kila mahali. Mahali gari lilipoishia palibaki mteremko wa kama mita mia nne. Mwalimu aliushuka kwa magongo mawili, kwa dakika arobaini, akipumzika mara tisa. Alihesabu.

Bi Dominika aliwasubiri kwenye tangi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na sita, mfupi, mkakamavu, amejifunga kitenge kifuani.

"Shikamoo, dada," alisema Mwalimu.

"Marahaba. Alfani ameniambia shida yenu. Poleni na safari." Aliwaonyesha mawe ya kukalia. Walipokwisha kukaa, yeye alibaki amesimama. "Mwalimu, haya maji tumeyapigania. Mimi nimezaa watoto saba, na wote nimewalea kwa maji ya kubeba. Sasa tuna tangi, vijiji viwili vinakunywa hapa. Leo nikikuruhusu wewe uoge, kesho atakuja mwenye sabuni, keshokutwa mwenye gari la kuosha. Nitawaambia nini wenzangu?"

"Una haki," alisema Mwalimu. "Naomba kuuliza jambo moja. Maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Huku juu, kwenye tangi."

"Na yanayofurika yakitoka kwenye lile beseni yanakwenda wapi?"

"Yanapotea mchangani. Hayana kazi."

"Basi naomba yapite kwangu kabla hayajapotea."

Bi Dominika alimtazama. Alitazama magongo, akatazama ule mteremko ambao mgeni wake alikuwa ameushuka, jasho bado linamtoka. Akakaa.

Masharti aliyotoa yalikuwa marefu. Hakuna sabuni. Hakuna kufua. Hakuna kukanyaga juu ya tangi. Afisa afya wa kata aje kwanza. Naye alikuja wiki iliyofuata, akageuza mawe kwa muda wa saa nzima kutafuta konokono, akakosa hata mmoja, kwa sababu maji yalikuwa baridi na yalikuwa yanakwenda. Na sharti la mwisho: kila wakiingia, Bi Dominika mwenyewe awepo.

"Kwa nini?" aliuliza Somoe.

"Nimesikia habari za shimo," alisema Bi Dominika.

Wakaanza. Jumanne na Jumamosi, Oktoba iliyobaki na Novemba yote, kirikuu ilishuka Namatunu. Beseni lenyewe lilikuwa kama chumba kirefu kisicho na paa, kuta za jiwe la kijivu, maji meupe kiasi cha kuhesabu vidole vyako vya miguu. Upande wa tangi ulikuwa wa kina kifupi. Katikati maji yalifika kifuani. Upande wa ng'ambo, chini ya jiwe kubwa lililoshikwa na mizizi ya mkuyu, yalikuwa yanapita kichwa.

Siku ya kwanza Mwalimu aliingia mpaka kiunoni, akashika mkono wa Somoe kwa nguvu kiasi cha kumwachia alama. Hakuweza kuinua miguu yote miwili. Kila alipojaribu, shimo lilimrudia kichwani, akasimama. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Somoe alimlaza chali juu ya mikono yake, kama anayemwosha mtoto mchanga, akamwambia atazame mbingu na ahesabu. Mwalimu alihesabu jedwali la saba. Alipofika saba mara tisa, Somoe alimwambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mikono yangu nimeiondoa tangu saba mara nne."

Baada ya hapo mambo yakaenda. Alijifunza kupuliza mapovu. Alijifunza kupiga teke ameshika jiwe, mguu wa kushoto ukirusha maji juu na wa kulia ukitikisika tu, halafu siku moja ukarusha na wenyewe. Abdulazizi alimpima goti hospitalini, akapima tena akidhani amekosea, akaita mwenzake aje kuangalia. Gongo moja lilibaki nyumbani. Madumu ya mafuta yalibaki kwenye kirikuu.

Bi Dominika alikuja kila mara, akakaa juu ya jiwe lilelile, akipukuchua kunde. Hakusema kitu. Ila Somoe aliona kwamba siku wanapochelewa, kunde zilikuwa hazijaguswa.

Katikati ya Desemba mawingu yalianza kukusanyika juu ya uwanda. Alfani alisema mvua ikishuka njia itafungwa, wasiione Namatunu mpaka mwezi wa tano. Kwa hiyo Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho kwa mwaka huo, na Mwalimu alitangaza kwamba ataogelea mpaka jiwe la ng'ambo.

"Kule ni kina," alisema Bi Dominika. Ilikuwa mara ya kwanza kusema wakati wa somo.

"Najua, dada."

"Na kama pumzi ikikatika katikati?"

"Somoe yuko ubavuni."

Alianza vizuri. Hatua tano za kwanza zilikuwa za kawaida, chini yake akiiona sakafu ya mchanga. Hatua ya nane, mchanga ulianza kushuka. Ya kumi, ukawa wa bluu. Halafu hakuona kitu chini yake, na mwili wake wote ukaikumbuka ile hatua ya shimoni, ukataka kusimama. Kichwa kiliinuka. Miguu ikaanza kuzama. Alimeza maji.

"Usisimame!" Somoe alipiga kelele. "Hakuna pa kusimama! Piga teke, Mwalimu! Na wa kulia! Na wa kulia!"

Mwalimu alipuliza yale maji, akaurudisha uso wake ndani, akapiga teke. La kushoto. La kulia. Goti lilikunjika, likanyooka, likakunjika, likanyooka, likamsukuma mbele kama halijawahi kuvunjika. Alihesabu. Alipofika teke la kumi na nne, vidole vyake viligonga kitu kigumu, chenye ubaridi, chenye mzizi wa kushika.

Akainua kichwa. Aliunyoosha mkono mmoja juu, ngumi imekazwa, maji yakimchuruzika mpaka kwapani.

Somoe alipiga kelele zisizo na maneno. Na kutoka juu ya jiwe, ungo wa kunde ulianguka, kunde zikamwagika zote, na Bi Dominika, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa amesimama wima anapiga vigelegele, vile vya harusini, virefu, mpaka wanawake waliokuwa wanachota kwenye tangi wakakimbia kuja kuona nani ameolewa.

Mwalimu alipumzika kidogo, halafu akageuka, akarudi kwa kuogelea. Na alipofika akaenda tena.

Mvua zilinyesha. Miezi minne Mwalimu alifanya mazoezi yake nyumbani, na Mei njia ilipokauka, alishuka mteremko wa Namatunu kwa dakika kumi na moja, hana gongo hata moja. Ladislaus alikuja likizo mwezi wa Juni, amepanga hotuba ya kumshawishi mama yake ahame. Mama yake alimchukua kwenye kirikuu, akampeleka, akaingia majini, akaenda ng'ambo na kurudi mara kumi wakati mwanawe amesimama ukingoni na suruali imekunjwa, maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu. Ladislaus hajui kuogelea. Hotuba hakuitoa. Aliondoka baada ya siku sita akiwa anajua kuelea chali.

Somoe na Mwalimu bado wanatafuta. Kwa njia ya kuulizia mafundi wa bomba wamepata chemchemi nyingine mbili, moja ndogo lakini yenye maporomoko ya kimo cha mtu, na nyingine ambayo hawaitaji kwa watu mpaka wazungumze na wenyeji wake. Wanaokuja Namatunu kutoka Masasi na Newala siku hizi wanafuata kibao kilichochorwa na Alfani: bila sabuni, bila kufua, Jumanne na Jumamosi tu, Jumanne ni ya wanawake peke yao.

Jumanne moja mwezi wa saba walikuwa wanawake kumi na mmoja majini, wa Namatunu na wa mjini, waliovaa suruali na waliojifunga kanga, Waislamu kwa Wakristo, na Mwalimu Winfrida amesimama katikati akiwahesabia kama darasa la pili. Bi Dominika alikuwa kwenye jiwe lake. Hakuwa na kunde. Aliteremka taratibu, akakaza kitenge chake, akaingia mpaka kiunoni, mpaka kifuani, huku watu wakijifanya hawamwoni.

"Mwalimu," aliita.

"Naam, dada."

"Nikishaziba pumzi, nifumbe macho au nifumbue?"

"Fumbua. Ni mazuri huko chini."

Bi Dominika alivuta pumzi, akabana pua kwa vidole viwili, akauzamisha uso wake majini. Alikaa huko muda mrefu kuliko walivyotegemea. Alipoibuka, maji yakimtiririka mashavuni, alisema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Miaka yote hii naishi hapa!" Akavuta pumzi nyingine, akarudi chini.